Mezani huko Vienna: chakula cha nkambo na chakula cha leo

Msomaji wa kitabu hiki amezoea kukuta humu habari za mahari, za matanga, za majina na za ngoma za wazee. Leo tunamletea habari ya restora moja ndogo ya Vienna, mji mkuu wa Austria, kule Ulaya. Asikasirike haraka. Tutafika Lubumbashi, lakini njia yetu inapita kwanza kule, juu kule njo tulielewa kitu ambacho tulikuwa nacho nyumbani na tulikuwa tunakificha.

Kuficha, njo neno lenyewe. Mwaka 2016 shule yetu ilipokea mgeni, mwalimu mwanamke wa Vienna, aliyekuja kwa mambo ya urafiki kati ya shule mbili. Kwao mwalimu wa sekondari anaitwa kwa heshima "Frau Professor" kama ni mwanamke, sawa vile wanafunzi wetu wanavyotuita "prof", kwa hiyo humu ndani tutamwita vile vile. Anasema Kifaransa vizuri kuliko wakubwa wengi wa kwetu. Siku ya posho tukamwalika nyumbani. Bibi yetu aliamka mapema, tukanunua kuku wa friji, mafuta, viazi vya frite, mayonezi ya chupa na sukari ya maji ya kila rangi. Sahani zilikuwa hazifanani. Tukaazima kwa jirani.

Mama mzazi wetu, aliyekuwa akikaa na sisi, alikuwa ametengeneza kikanda tangu jana yake. Kwa wasomaji wasiotoka Katanga: kikanda ni chakula cha mizizi midogo ya maua fulani ya mbugani. Mizizi inakaushwa, inatwangwa, inachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na maji ya majivu, halafu yote inapikwa mpaka inashikamana na kuwa ngumu, unaikata kwa kisu kama mkate. Rangi yake ni ya udongo. Mtu asiyejua anafikiri ni nyama.

Mama akatuuliza: "Na hii? Hatutamupatia mugeni?"

Tukamjibu: "Hapana, mama. Bazungu habakulake bile."

Hakubisha. Alikata kikanda chake vipande vipande, akagawia watoto nyuma ya jikoni, akabaki huko. Mgeni akala kuku na frite vizuri, akashukuru. Wakati wa kuaga akamshika mama mkono, akatuuliza sisi: "Na mama yako, yeye anapikaka nini?" Tukacheka, tukasema ni vitu vya kijijini tu. Mama hakusikia Kifaransa, lakini kicheko kile alikisikia.

Mama alikufa mwaka 2019.

Mwezi wa kumi wa 2022 ilikuwa zamu yetu kwenda. Siku tisa tulipewa, na kati ya siku hizo tisa tutasimulia jioni moja tu. Makanisa na majumba ya wafalme msomaji atayaona katika vitabu vingine.

Vienna imegawanywa katika mitaa mikubwa 23, na kila mmoja una namba yake. Frau Professor alitupeleka katika mtaa wa 7, unaoitwa Neubau, kwenye barabara nyembamba ambapo tramu haipiti. Nje hakukuwa taa kubwa wala muziki. Kuliandikwa jina tu, na ubao mweusi wa shule (kweli, ubao wa shule na chaki!) ulioonyesha vyakula vya siku ile. Restora za namna hii wanaziita Beisl. Ni nyumba ya kula na kunywa ya watu wa mtaa: si hoteli ya watalii, wala si nganda ya ulevi. Ndani, ukuta umefunikwa mbao mpaka kwenye kifua cha mtu, mbao nyeusi za miaka mingi. Meza ni za mbao pia, zingine bila kitambaa. Kuna benchi ndefu kandokando ya ukuta, misumari ya kutundika makoti, na karibu na mlango kaunta ya zamani ambako wanamimina bia. Meza zilikuwa kama kumi na mbili hivi. Joto lilikuwa zuri, na harufu ya vitunguu na siagi ilitupokea mbele ya mwenye nyumba.

Meza moja ilikuwa kando, na juu yake kijibao kidogo. Tulitaka kuikalia, Frau Professor akatuvuta mkono. Ile ni meza ya wenyeji wa kila juma, wanaume wanne au watano wazee wanaokuja siku yao, na hata kama restora imejaa, mgeni hakai pale. Tukakumbuka kiti cha baba katika nyumba zetu, ambacho mtoto hakikalii hata baba akiwa safarini.

Kitu kimoja kilitusumbua: hakuna aliyepita na beseni na maji ya kunawa. Kila mtu alikaa, akaanza kukata mkate. Tukaenda wenyewe kunawa mikono, watu wakafikiri pengine tuna shida nyingine.

Tuje kwenye chakula. Karatasi ya vyakula ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja kulikuwa vyakula vya zamani, upande wa pili vyakula vya mpishi mwenyewe, vya sasa. Chini ya kila jina kulikuwa herufi ndogo: A, C, G, L. Tulidhani ni maksi, kama za mtihani. Kumbe tangu mwisho wa mwaka 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha restora kujulisha vitu vinavyoweza kudhuru watu wengine, na Waaustria wameviandika kwa herufi: A ni ngano, C ni mayai, G ni maziwa. Mwalimu hawezi kukosa kupenda inchi ambayo hata sahani ya supu ina herufi zake.

Frau Professor hakutuuliza. Alituagizia Wiener Schnitzel, juu kila mgeni wa Vienna analetewa ile. Ni kipande cha nyama ya ndama kinachopigwa mpaka kinakuwa chembamba, kinapitishwa kwenye unga, kwenye yai, kwenye mkate uliosagwa, halafu kinaogelea ndani ya mafuta ya moto. Mpishi anatikisa kikaango ili ngozi ivimbe na kujitenga kidogo na nyama. Kinaletwa na limau na saladi ya viazi. Na hapa kuna jambo: ukiandika "Wiener Schnitzel" kwenye karatasi yako, lazima iwe nyama ya ndama. Kama ni nguruwe, ambayo ni ya bei ndogo, unapaswa kusema ni nguruwe. Kanuni za chakula za serikali yao zinasema hivyo. Kipande chetu kilizidi sahani pande zote mbili na bei yake ilizidi euro 20. Tulihesabu kimya kimya sahani ngapi za malewa zingetoka humo, halafu tukaacha kuhesabu, juu ilikuwa tamu.

Lakini macho yetu yalikuwa kwenye sahani ya Frau Professor. Yeye aliagiza kitu kingine, kwa sauti ya chini, na kilipofika tulikitambua kabla hajasema jina. Mapafu. Mapafu na moyo wa ndama, yamekatwa nyembamba kama matembele, ndani ya mchuzi mzito wenye uchachu kidogo wa siki na maziwa ya mgando. Wanaita Beuschel. Kandokando palikuwa na tonge moja la duara, jeupe, lenye majani ya kijani ndani yake.

"Ile ni mapafu," tukasema.

Akawa mwekundu. "Samahani. Sikutaka kukuletea. Wageni wengi wanaona vibaya. Ni chakula cha watu maskini wa zamani, nkambo yangu alikuwa anapika siku ya pili ya juma."

Tulinyamaza kwanza. Mtu ambaye miaka sita mbele alikaa nyumbani kwetu, akala kuku wa friji, sasa alikuwa anatuficha mapafu yake sawa vile tulivyomficha kikanda yetu. Halafu tukamwambia: kwetu Lubumbashi, mama wa malewa anauza mapafu, matumbo na miguu ya ng'ombe kila siku kando ya soko, na ni sisi walimu tunaoenda kula pale mwisho wa mwezi, tena wakati mwingine kwa deni. Akasukuma sahani katikati ya meza. Tukala wote wawili.

Lile tonge jeupe linaitwa Semmelknödel, nalo lilitufurahisha kuliko nyama. Linatengenezwa kwa mikate midogo ya jana, ile iliyokauka. Wanailoweka katika maziwa, wanatia mayai, vitunguu na majani, wanafinyanga kwa mikono, wanatokosa kwenye maji ya chumvi. Hakuna kinachotupwa. Ukilikata na kulichovya mchuzi, ni bukari kabisa kwa kazi yake: linabeba mchuzi na linashibisha. Mkono wetu wa kuume ulikwisha kuondoka kwenye meza kwenda kuchukua tonge bila uma. Tukaurudisha.

Kinywaji cha msimu ule kilikuwa Sturm. Ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha lakini hayajawa divai. Yanauzwa kwa majuma machache tu, mwezi wa tisa na wa kumi. Yana rangi ya maziwa yenye vumbi, yana utamu, na yanapanda puani. Chupa yake haifungwi sana, juu yanaendelea kuchacha na chupa inaweza kupasuka. Msomaji wa Katanga amekwisha kuelewa: ni ndugu ya munkoyo. Na sawa na munkoyo, unakunywa kama maji, halafu miguu njo inakujulisha.

Watu walipopungua, mpishi alitoka jikoni. Mwanamke wa umri wetu hivi, na kitambaa kichwani, mikono myekundu kwa maji ya moto. Frau Professor alimjua. Tukamuuliza, kwa njia ya mfasiri wetu, kwa nini karatasi yake ina pande mbili.

Alicheka kwanza. Akasema nkambo yake alikuwa anapikia watu waliopasua kuni na kubeba makaa, na yeye anapikia watu wanaokaa mbele ya kompyuta siku nzima. Kwa hiyo unga ule uliokaangwa ndani ya mafuta, ambao nkambo alikuwa anatia katika kila mchuzi ili uwe mzito, yeye ameuondoa karibu kila mahali. Mafuta ya nguruwe ameyapunguza. Sahani za nyama tupu amezipunguza pia, juu vijana wengi wa Vienna hawali nyama tena, na wao njo wateja wa kesho. Wao anawakatia mzizi mkubwa wa seleri, anaupitisha kwenye unga, yai na mkate, anaukaanga sawa vile Schnitzel. Shayiri, ambayo wazee walikuwa wanatia tu katika supu, yeye anaipika polepole kwa namna ya mchele wa Waitaliani, anaiweka na boga. Juu yake anamwaga mafuta ya mbegu za boga kutoka jimbo la Steiermark: mafuta ya kijani nzito, karibu nyeusi. Tulinusa, tukasema "Mbika!" kwa sauti. Kweli, ni harufu ya mbika iliyokaangwa, hakuna tofauti.

"Na mapafu?" tukauliza. Akasema yale hayagusi. Anayakata tu nyembamba zaidi.

Tuseme ukweli wetu wote: upande wa kisasa haukutushinda wote. Kulikuwa samaki wa mtoni mbichi na mzizi mkali wanaouita Kren, unaopanda kichwani kuliko pilipili. Sahani ilikuwa kubwa kama sinia, samaki alikuwa kama kidole gumba. Mtu anayelipa kwa kile anaona uzuri ambao sisi hatujafundishwa bado kuuona. Ila ile shayiri na boga tungeila tena hata leo usiku.

Mpishi akaenda kuleta daftari. Lilikuwa la nkambo yake, aliyezaliwa Moravia, inchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki, na aliyekuja Vienna kijana kufanya kazi ya jikoni katika nyumba za watu. Karatasi zilikuwa za manjano na madoa ya mafuta. Maandiko yalikuwa yamelala kama majani ya mbugani, na hatukutambua hata herufi moja. Tulidhani ni juu ya ujinga wetu wa Kijerumani. Hapana. Ni mwandiko wa zamani unaoitwa Kurrent, ambao shule ziliacha kuufundisha mwaka 1941. Mpishi mwenyewe alirithi daftari na hakuweza kulisoma! Damu yake, lugha yake, jikoni yake, na hakuweza. Alienda kujifunza zile herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, miezi mingi, mpaka daftari likamfungukia. Akatuonyesha kwa kidole: hapa, Beuschel, hapa, Knödel, hapa, keki ya Krismasi.

Usiku ule hatukulala vizuri, na haikuwa juu ya Sturm.

Tulikuwa tunafikiri hivi. Watu wa Vienna wanasema vyakula hivi ni vya asili yao. Lakini ukivifuata njia moja moja, vinatoka wapi? Matonge yametoka upande wa Bohemia na Moravia, na wapishi wanawake kama nkambo yule. Gulasch ni ya Wahungaria, na pilipili tamu inayoipa rangi ilitoka Amerika. Viazi pia vilitoka Amerika. Ule unga mwembamba wa Strudel, unaovutwa juu ya meza mpaka unaweza kusoma gazeti chini yake, wengi wanaupeleka upande wa Waturuki, kupitia Hungaria. Hata juu ya Schnitzel kuna hadithi kwamba jenerali mmoja, Radetzky, aliileta kutoka Milano. Wataalamu hawaiamini tena hadithi ile, lakini mji wenyewe uliipenda miaka mingi. Vienna ilikuwa kichwa cha ufalme mkubwa wa mataifa mengi, na mwaka 1910 ilikuwa na wakaaji zaidi ya milioni 2, wengi wao waliozaliwa mbali. Ufalme ulivunjika mwaka 1918. Mataifa yalienda kila moja njia yake, masufuria yakabaki.

Sasa tuangalie Lubumbashi. Mwaka ule ule 1910 njo mji wetu ulianzishwa. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia, kutoka Rwanda na Burundi, na iliwalisha. Iliwalisha nini? Unga wa mahindi, na unga mwingi ulitoka Rhodesia kwa gari la moshi. Wazee wetu vijijini walikuwa wanakula zaidi mtama, ulezi na muhogo. Na muhogo wenyewe ulitoka Amerika, na mahindi vile vile. Siku ya kugawa chakula ile ilibaki katika lugha, tunasema hata leo "siku ya posho" na vijana hawajui sababu. Kwa hiyo bukari nyeupe ya mahindi, ambayo tunaapa kwamba ni ya mababu, ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi, umri wake haupiti sana umri wa mji. Hatusemi hivyo ili kuishusha. Tunasema hivyo kwa wale wanaosema kwamba hatuwezi kuwa na jikoni yetu juu makabila ni mengi na kila moja lina sufuria yake. Vienna walikuwa namna gani?

Tofauti iko mahali pengine. Wao waliandika. Mwaka 1858, katika mji wa Graz, mwanamke anayeitwa Katharina Prato alitoa kitabu cha upishi ambacho wajukuu wa wajukuu walikipikia. Na walipigania hata majina. Austria ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 1995, Wajerumani walikuwa humo tangu mwanzo na majina yao ya vyakula yalikuwa tayari katika sheria. Waaustria wanasema Kijerumani pia, lakini nyanya wao wanaiita Paradeiser, mzizi ule mkali wanauita Kren, maharagwe mabichi ni Fisolen. Basi katika mapatano ya kuingia wakaweka karatasi moja ya pekee, Protokoli namba 10, yenye majina 23 ya vyakula vya Austria, ili yasimezwe. Fikiri, msomaji: wakubwa wa serikali, na mabenki na mipaka ikiwangoja, wanakaa mezani kuokoa maharagwe.

Sisi wakubwa wetu wamefanya kitu pia, tusiwe watu wa kulalamika tu. Rumba yetu iliandikwa na UNESCO mwezi wa kumi na mbili 2021, pamoja na ndugu zetu wa Brazzaville, na tulicheza. Lakini nenda katika restora nyingi za katikati ya mji wetu, zile zenye vitambaa vyeupe. Utapewa karatasi: brosheti, frite, pizza, samaki kwa mchuzi wa siagi. Ukiuliza sombe, wanakuambia labda kesho. Ukiuliza finkubala, mhudumu anatazama viatu vyako. Vyakula vile viko nje, chini ya hema ya malewa, na mama anayevipika vizuri kuliko wote hana meza yenye miguu minne sawa. Na si kosa la wenye restora peke yao. Wanauza kile tunachoagiza mbele ya wageni. Sisi njo tuliosema "bazungu habakulake bile".

Kabla hatujaondoka ile jioni kulikuwa jambo la malipo. Mhudumu alikuja na pochi nene kama Biblia, akauliza kama tunalipa pamoja au kila mtu yake. Kule ni swali la kawaida, hata kwa ndugu wawili. Kwetu mtu akiuliza vile baada ya kula, urafiki umekufa. Frau Professor alilipa, akaongeza kidogo juu kwa ajili ya mhudumu, akasema hesabu nzima kwa mdomo na yule akarudisha chenji palepale. Tulipotoka nje akatuuliza tena, sawa vile 2016, kwa Kifaransa kile kile: mama yako alikuwa anapika nini? Safari hii tulimjibu, tukasimama kwenye baridi karibu nusu saa. Tulimwambia juu ya kikanda, juu ya nyuma ya jikoni pia. Hakusema kitu. Alitufunga skafu yake shingoni, juu tulikuwa tunatetemeka.

Tuliporudi, tulitaka kupika kikanda siku ile ya posho. Tukauliza nyumbani: mama alikuwa anatia karanga kiasi gani? Bibi yetu hajui. Yeye ni wa Kasai, alikuwa anaikula tu. Dada zetu kila mmoja alisema lake. Watoto waliopewa vipande nyuma ya jikoni wanakumbuka ladha, hawakumbuki mikono. Mama hakuacha daftari. Hata mwandiko wa zamani wa kujifunzia hatuna.

Alibaki mama mudogo, mdogo wa mama, anayekaa katika komine ya Kenya, hapa hapa mjini. Ana zaidi ya miaka sabini. Tulimkuta mwezi wa tatu 2023, tukiwa na kalamu, daftari la mistari na mizizi kidogo tuliyonunua sokoni kwa bei iliyotushtua. Muuzaji alisema wanaichimba mbali sasa, karibu mbuga zote zimekwisha kuchimbuliwa. Mama mudogo alitutazama, akacheka mpaka machozi.

"Weye mwana, mwanaume, prof, unakuya kuandika kikanda?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika."

Tukaandika. Unga wa mizizi, kikombe kimoja cha bati. Unga wa karanga, vikombe viwili. "Na ukitia tatu, ni ya kuuzisha, haiko ya kula na batu bako". Pilipili, chumvi. Koroga bila kupumzika, moto usiwe mkali, halafu funika na utie makaa juu ya kifuniko. Kila kitu tulikipima, kila kitu kiliingia kwenye mstari wake, mpaka tulipofika kwenye maji ya majivu. Tukauliza: kiasi gani?

"Mupaka inakamata."

"Lakini vijiko vingapi, mama?"

Alichukua mkono wetu, akautia ndani ya sufuria ya unga ulioloweshwa, akamimina maji ya majivu kidogo, akasema tukoroge. Akamimina tena. Kwa ghafla ule ujiuji ukavuta vidole vyetu, ukawa mzito kama kitu chenye uhai.

"Unasikia? Njo pale."

Tulisikia. Lakini tulipojaribu peke yetu nyumbani juma lililofuata, kikanda ilibaki laini, watoto waliikula kwa kijiko na kutuonea huruma. Mara ya pili ilishika upande mmoja. Katika daftari, vitu vyote vina hesabu yake isipokuwa mstari wa majivu, ambao bado ni mweupe. Mama mudogo amekubali turudi kwake na mizani, na safari hii tutakwenda pamoja na binti yetu mkubwa, ambaye ana mikono myepesi kuliko yetu.